Aliyeitika Mizabibuni

Mtoto alikuwa ananuka siki.

Vibidia alimwinamia tena kikapuni, akamnusa midomo, akamnusa shingo, akamfungua nguo akamnusa mpaka nyayo, na kila aliporudi kwenye midomo ilikuwepo, siki iliyochanganywa na maji, kile kinywaji cha askari wakiwa safarini. Na mtoto mwenyewe hajawahi kuonja kitu hapa duniani ila titi la mama yake, na hata hilo tangu jana alikuwa halitaki. Alilala macho wazi, kimya, ameshiba. Hicho ndicho kilichomtisha Vibidia kuliko harufu: mtoto hajanyonya tangu jana, na tumbo limejaa kama ngoma.

"Mama," aliita, "umempa mtoto siki?"

Sabidia, mama mkwe wake, alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa dengu mapajani. Hakuinua hata kichwa. "Siki ipi? Tulikuwa na siki, askari wakainywa. Tulikuwa na mafuta, wakayapaka. Kuku, usinikumbushe kuku."

"Ananuka, mama. Njoo umnuse mwenyewe."

"Nimezaa na nimezika, sijawahi kumnusa mtoto kama mbwa. Wewe ndiye wa kwanza kuzaa duniani? Mpe titi."

"Halitaki."

"Basi ana akili. Na kwa lile jina la kishenzi mlilompa, mimi ningekuwa yeye ningekataa hata kupumua."

Jina lenyewe lilikuwa Karanto. Siku ya kumpa mtoto jina, mbele ya moto wa nyumba na sanamu ndogo za walinzi wa nyumba, Mesio, mume wa Vibidia, alimwinua mwanawe ili ataje jina la baba yake marehemu, kama ilivyokubaliwa, akafumbua mdomo, akasema Karanto. Jina la watu wa mto Reno, huko kaskazini kwenye misitu. Hakuna mtu wa ukoo wao, hata wa kuolewa, aliyewahi kuitwa hivyo. Mesio mwenyewe alibaki ameduwaa kama mtu aliyecheua mbele ya wageni. Lakini jina likishatajwa mbele ya moto halirudishwi. "Limenijia tu," alisema, na kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, mpaka ikafika akiulizwa anapiga meza.

Vita vilikuwa vimewapitia siku chache kabla Vibidia hajajifungua. Watu wa Otho na watu wa Vitelio, Warumi kwa Warumi, wanagombea nani aitwe Kaisari, walikutana huku kwao, baina ya Bedriako na Kremona, katikati ya mizabibu ya watu, wakauana kutwa nzima kati ya mistari, upanga ukikata mtu unakata na mzabibu, na wote wanatukanana kwa lugha moja hata hujui nani wa nani. Jioni upande mmoja ukakimbia. Washindi wakaenda zao Roma kula ushindi, na maiti zikabaki. Hakuna aliyezika. Ukimzika huyu utaambiwa wewe ni wa upande huu, ukimzika yule utaambiwa wewe ni wa upande ule, na leo hujui kesho atatawala nani. Wakulima walijifunga vitambaa puani, wakavua kilichovulika, wakawaachia mbwa na kunguru kilichobaki, na ukungu wa asubuhi unaotoka mitaroni ulikuja na ile harufu mpaka ndani ya unga.

Mesio alileta viatu. Viatu vizuri vya askari, ngozi nene, nyayo zimejaa misumari. "Nimeviokota mtaroni," alisema. Akavitundika ukutani karibu na moto vikauke, na havikukauka.

Siku ile ya siki, Sabidia alipokwenda kisimani, Vibidia alibaki peke yake ndani, anakanda unga, mgongo ameupa kikapu cha mtoto. Jua lilikuwa kali nje. Akasikia nyuma yake, pale mlangoni, mlio: kwa. Kama msumari umegusa jiwe. Akajiambia ni mbuzi. Kwa, kwa. Mbuzi gani anatembea kwa miguu miwili, na anatembea polepole hivi, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na kila hatua inayokuja unasikia maji yanaminywa ndani ya ngozi, na siki inapanda puani mpaka macho yanawasha, na kwa, na kwa, imempita mgongoni, nywele za kisogoni zimesimama, mikono imo ndani ya unga na haitoki, na kile kikapu kimeanza kulia kwa kubembezwa, taratibu, kwenda na kurudi, na mtu, mtu mwanamume, anavuta pumzi ya kutafuta maneno, kisha mtoto wake, ambaye hajatimiza hata mwezi, akacheka.

Aligeuka akipiga kelele. Hapakuwa na mtu. Kikapu kilikuwa kinakwenda na kurudi. Viatu vilikuwa palepale ukutani, vinaning'inia, vinayumba, na kutoka kwenye misumari maji yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Panya," alisema Mesio jioni, anatafuna mkate.

"Panya wenye misumari?"

"Panya wa Vitelio. Wametuachia na wao."

"Mesio, sicheki. Vitoe hivyo viatu. Vitupe."

"Hivyo viatu vina thamani kuliko vyote ulivyokuja navyo kutoka kwa baba yako." Alisema hivyo akitazama bakuli. Vibidia aligundua kwamba tangu viatu vifike, mumewe hajawahi kuvitazama. Hata akipita kuchochea moto hupita kwa ubavu.

"Kweli uliviokota mtaroni?"

Alipiga meza, bakuli likaruka. "Mwanamke umetoka kwenye uzazi, damu haijatulia, unasikia vitu. Lala!"

Sabidia akaingilia kati. "Tulieni. Humu ndani kama kuna kitu, usiku wa mizimu si huu umefika? Mesio atatema maharage kama baba yake alivyokuwa akitema, kitatoka. Miaka yote kinatoka."

Na kweli usiku wa mizimu wa mwezi wa Mei ulifika, ambao kila baba mwenye nyumba huamka katikati ya giza, akavua viatu, akafungua kila fundo alilo nalo mwilini, akanawa mikono kwa maji ya kisima, akajaza maharage meusi mdomoni na kuyatema nyuma bila kugeuka. Anayegeuka amejitakia. Waliobaki hulala kimya na kujifunika.

Vibidia alijifunika na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa baridi. Si baridi ya kuumwa. Baridi ya kitu kilichowekwa nje.

"Kwa maharage haya," ilikuja sauti ya Mesio kutoka kwenye ukumbi wa nyumba, "najikomboa mimi na watu wangu." Maharage yakadondoka sakafuni. Akarudia, na akarudia, na nyuma yake Vibidia alisikia kile ambacho husemwa lakini hakuna anayetaka kukisikia, vidole vinayaokota, vingi, vyepesi, kama kuku wanaodonoa. Hakuogopa sana. Hao walikuwa wenyeji. Kisha Mesio akagonga sahani ya shaba na kupaza sauti, "Mizimu ya baba zetu, tokeni! Mizimu ya baba zetu, tokeni!" na miguu mitupu ikaanza kumpita Vibidia kitandani, miguu ya wazee inayoburuzika, miguu midogo ya watoto ambao Sabidia aliwazika, na katikati yao akakisikia kile kikohozi cha baba mkwe wake, kikohozi alichokuwa akikohoa kila alfajiri mpaka alipokufa, na mzee yule hakuwa anakohoa kama mtu anayeaga, alikuwa anakohoa kama mtu anayesukumwa, anashika mlango, anavutwa, na watoto wanalia kwa sauti nyembamba kama mbu, hatutaki, hatutaki kutoka, mumtoe yeye, na Mesio hasikii, Mesio anagonga shaba, mizimu ya baba zetu tokeni, mpaka wa mwisho akavuka kizingiti na nyumba ikawa tupu kama mtungi. Halafu, katika ule utupu, kwa. Kwa. Kwa. Haikuwa na haraka. Ilikwenda mpaka kwenye kiti cha baba mkwe, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu afe, na kiti kikalia kwa uzito wa mtu mzima.

"Imekwisha," alisema Mesio, akaja kulala. Jasho lilikuwa limemlowesha.

Vibidia alimbana mtoto kifuani. Alikuwa anasikia maharage yanasagwa chini ya misumari.

Kulipokucha alimwita Kantilia, mkunga aliyemzalisha, ambaye pia watu humwendea kwa mambo yasiyosemwa barabarani. Alikuja na kitunguu saumu shingoni, akafika mlangoni, akainua mguu avuke, akaurudisha.

"Nani amewafukuza wenyeji humu ndani?"

"Umeanza," alisema Sabidia. "Mla vitunguu, ingia kama watu."

"Siingii. Jana mlisema nini? Semeni maneno yenyewe."

"Maneno yanayosemwa," alijibu Mesio. "Mizimu ya baba zetu, tokeni. Kila nyumba inasema hivyo."

"Kila nyumba ina mizimu ya baba zao! Yenu ilikuwa na mgeni. Wale wazee walikuwa wamekaa kati yake na mtoto, wamemzuia, wamechoka lakini wamemzuia. Mgeni si baba yako, kwa nini atoke ukiita baba zako? Umewatoa wenyewe nje, mgeni umemwachia nyumba."

Ungo ulimponyoka Sabidia. "Mume wangu nimemtoa nje," alisema polepole. "Na kifua chake kile. Kwenye ukungu huu."

"Yuko mtaroni na watoto wenu, anangoja. Hawezi kurudi mpaka yule atoke." Kantilia alimgeukia Mesio. "Nani huyo? Amekufaje?"

"Waliuana wenyewe kwa wenyewe, mimi najuaje? Mashamba yamejaa!" Akachukua jembe akatoka, mabega juu masikioni.

Kantilia alimvuta Vibidia mpaka kwenye zizi, akanong'ona. "Mtafute asiye na viatu. Hawa waliokufa ovyo wanataka vitu viwili tu, udongo na jina. Mmwagie udongo viganja vitatu, halafu muite jina lake mara tatu, kama tunavyomwita maiti yeyote kitandani kwake. Akiitwa na kukawa kimya, hapo anajua kwamba amekufa, anakwenda. Lakini sikia vizuri, mwanangu. Pale panatakiwa kimya. Mtu aliye hai akiitika jina lililoitwa juu ya udongo ule, yeye ndiye atakayekaa pale, na yule wa pale atasimama atembee."

"Na tusipomwita?"

Kantilia aligusa pua ya mtoto kwa kidole. Pua ilikuwa imechongoka kama ya mzee. "Huyu hana siku nyingi. Anamnywesha chakula chake. Mtoto akimaliza kushiba cha wafu, ndiyo basi."

Vibidia hakusubiri. Alimfunga mtoto kifuani, akaingia mizabibuni, na ukungu bado haujainuka, umekaa juu ya mitaro kama sufu chafu, miti imesimama ndani yake kwa mistari, mizabibu imenyoosha mikono kutoka mti hadi mti, na chini ya mikono ile wamelala watu, wengine nusu, wengine wameotwa na nyasi kati ya vidole, na wote, wote hawana viatu, wakulima wote wamevua, na Vibidia akakaa chini katikati yao akalia, maana atamjuaje? Ndipo mtoto alipogeuza kichwa. Kichwa kile ambacho bado hakijui kujishikilia kiligeuka chenyewe, kikatazama upande wa mti wa mwisho karibu na mtaro.

Huyu hakuwa amelala. Alikuwa amesimama. Amefungwa kwenye mti, kifuani, kiunoni, miguuni, kwa fito laini za mierebi, kama mzabibu unavyofungwa ili upande. Na fundo Vibidia alilijua. Kila mfunga mizabibu ana fundo lake, na la Mesio lilikuwa la mkono wa kushoto, linapinda kinyume, ncha inachomekwa chini. Angelijua hata gizani kwa kupapasa. Mafundo yalikuwa mazuri, ya mtu asiye na haraka. Visigino vitupu vilikuwa vimechimba ardhi mpaka vimefikia mizizi. Mtu aliyekufa vitani hachimbi. Na mbele ya uso, kwenye tawi, pale ambapo macho yake yangekuwa yanatazama kila yalipofunguka, palining'inizwa kiriba chake kidogo cha ngozi. Vibidia alikitikisa. Kilikuwa kimejaa.

Akakumbuka uchungu wa kujifungua. Alikuwa amesikia mtu anaita huko nje, anaita na kuita, akadhani ni sauti yake mwenyewe inamrudia kutoka ukutani.

"Nilikwambia usije huku."

Mesio alikuwa nyuma yake na jembe.

"Ulimfunga akiwa hai."

"Sikumuua. Vibidia, sikumuua! Nilimfunga tu. Alikuwa na jeraha la paja, basi, la kupona. Angepona angewaleta wenzake, wangechukua ng'ombe, wangekuchukua wewe. Nikavua viatu. Sikutaka damu mkononi na mke wangu anazaa, ni nuksi."

"Kiriba umekitundika kwa nini?"

Alikitazama kiriba. Halafu akasema, kama mtu anayejibu kitu cha maana, "Alikuwa ananipigia kelele. Nikamwambia, kifuate."

"Miungu yangu."

"Wewe unalia ndani, yeye analia huku, mimi niko katikati yenu, siku zote zile! Wewe hata ulinyamaza. Yeye hakunyamaza."

"Alikuwa anasema nini?"

"Jina lake tu. Basi. Mimi ni fulani, mwambieni mama. Mimi ni fulani, mwambieni mama. Kutwa kucha, mpaka limeniingia kichwani, nikila nalisikia, nikilala nalisikia, mimi ni..."

Akakoma. Mkono ulimpanda mdomoni wenyewe. Walitazamana, kisha wote wawili wakatazama chini, kwenye kile kifurushi kifuani pa Vibidia, na mtoto alikuwa anawatazama kwa macho ya mtu anayesubiri kuitwa.

Karanto.

Vibidia alielewa yote kwa mara moja. Mdomo wa baba ulikuwa umembambikia mwanawe jina la maiti. Jina lilikuwa moja na wenyewe wawili. Akiliita juu ya udongo, atakayeitika nani? Mtoto huyu anayegeuza kichwa kwa kila sauti ataitika, kwa mlio, kwa kikohozi, kwa chochote, na atabaki hapa chini ya mti. Asipoliita, mtoto ataendelea kushiba siki mpaka amalizike. Alimgusa mashavu. Baridi. Alitoa titi, akampaka maziwa midomoni, na maziwa yakateleza yakadondoka.

"Mfungue," alisema. "Chimba."

Mesio alikata fito akachimba. Alipomlaza alifunga macho ili asiuone uso. Vibidia hakufunga. Ulikuwa uso wa kijana, ndevu hazijakomaa, mdomo wazi.

"Geuka," alimwambia mumewe. "Simama pale, utazame nyumbani. Ziba masikio."

"Utamwitaje? Ukiliita jina lile, mtoto..."

"Niachie mimi. Wewe ziba masikio ili usilisikie. Nikimaliza nitakuita."

Nikimaliza nitakuita. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliposema maneno hayo alikuwa tayari anajua. Hakupata jibu ambalo lingemwezesha kulala.

Mesio aligeuka. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa siku zote, mpana, na shingo ya nguo imechanika pale ambapo Vibidia mwenyewe aliahidi kuishona. Akaziba masikio kwa viganja kama mtoto anayeogopa radi. Vibidia alimwaga udongo kiganja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ukungu ulikuwa umeacha kusogea. Kunguru walikuwa wamenyamaza mashamba yote. Alimfunika mwanawe kichwa kwa shuka, akaubana mdomo wake mdogo kifuani, akashusha pumzi.

"Mesio," aliita.

Mgongo haukusogea.

"Mesio!"

Viganja vililegea kidogo masikioni. Na Vibidia, ambaye hajamwita mumewe kwa upole tangu mwaka ule alipoolewa, alipokuwa anamwita kutoka dirishani aje kula chakula kingali cha moto, alimwita hivyo, kwa sauti ile ile, tamu, yenye kicheko ndani yake.

"Mesio."

"Naam," alisema Mesio, anageuka. "Umemaliza?"

Hakuanguka. Hilo ndilo lililomshangaza, kwamba hakuanguka. Alisimama tu, neno limemkwamia mdomoni, na macho yakamtoka kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akayatupa kwa Vibidia, akaelewa, Vibidia aliona kabisa kwamba ameelewa, akanyoosha mkono wa kushoto. Kisha mkono ukashuka. Ndani ya shimo, chini ya ule udongo mwepesi, taya la maiti likafunga, tap. Na mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, uso mwekundu, moto, njaa ya siku zote zile imemrudia mara moja, akaling'ang'ania titi kwa fizi mpaka Vibidia akapiga kelele ya maumivu na furaha.

Mwanamume alikuwa anajitazama mikono, mbele na nyuma. Akainama akaokota jembe kwa mkono wa kulia, akaliweka begani kama mkuki. "Tumfukie," alisema. "Halafu twende, mtoto ana njaa." Sauti ilikuwa ya Mesio, lakini maneno yalikuwa yanakwaruza mwishoni, kama wanavyosema watu wa kaskazini.

Walimfukia. Alifukia vizuri, akashindilia kwa miguu mitupu, kwa muda mrefu.

Sabidia alifurahi. Kikohozi kilirudi kwenye kiti alfajiri iliyofuata, akakisikia, akalia kwa raha. Na mwanawe, alisema kisimani, amepata adabu ukubwani: hapigi meza, anaomba chakula kwa heshima, anamwita mama kwa namna ambayo hajawahi kumwita. "Vita vimemfundisha," alisema. Vibidia alilala kando ya mwanamume huyo kila usiku, bila kugusana, naye mwanamume hakuwahi kumfanyia ubaya wowote. Mtoto alinenepa.

Jioni moja walikuwa mezani, mlango uko wazi, na Sabidia akasimamisha kijiko hewani.

"Kuna mtu anaita."

Vibidia alimsogezea bakuli.

"Huko mizabibuni. Sikilizeni. Sauti kama naijua." Aliinamisha kichwa upande wa sikio zima. Kutoka kwenye ukungu ilikuja, mbali, kavu, ya mtu aliyekosa maji muda mrefu: mimi ni Mesio, mwambieni mama. Mimi ni Mesio. "Anasema nini? Vibidia, masikio yako mapya, anasema nini?"

"Ni mbweha, mama," alisema Vibidia. "Kula."

"Mbweha?"

"Mbweha. Wamezoea maiti, sasa wana njaa."

Mwanamume aliinuka mezani bila haraka. Alikwenda kwanza kikapuni, akamvuta mtoto blanketi mpaka kidevuni, akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Usiogope, wajina," alimwambia. Kisha akaenda akafunga mlango na kutia komeo.

Bado ilisikika kupitia mbao. Sabidia alikuwa ameanza kuinuka, mikono imeshika meza. Vibidia alimchukua mtoto mapajani, akaanza kumwimbia, kwa sauti kubwa, kubwa kuliko mtoto yeyote anavyohitaji ili alale.